Macho Mawili ya Shaba

Mtaa mzima unamwita Sikosei, naye anaitika kwa raha zote. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, atakupita kana kwamba unamwita mtu wa mtaa wa pili. Sema Sikosei, uone shingo inavyogeuka. Kazi yake ni kukereza kalamu. Si hizi kalamu za plastiki zinazotafunwa na wanafunzi, la hasha, kalamu za mbao, moja moja, kwa mkono, na kila moja ina maelezo marefu kuliko yenyewe.

Karakana yake ni nusu ya chumba cha mbele cha nyumba yake. Nusu ya pili ni ya mke wake, fundi cherehani, na katikati limening'inizwa pazia la plastiki ili vumbi la mbao lisiangukie nguo za watu. Upande wa mume kuna kerezo, ile mashine ya kuzungushia mbao, jiliwa la kubania, misasa ya kila namba, na chupa za supaglu zilizopanga foleni dirishani. Upande wa mke kuna cherehani, pasi, kioo kirefu na kiti cha wateja. Pazia linazuia vumbi. Maneno halizuii hata kidogo.

Mke akikosea, anakosea hadharani. "Dada, mkono huu nimeuweka nyuma mbele, nisamehe, nipe dakika kumi," anasema, anachukua wembe, anafumua mshono, anashona upya, na mteja anaondoka akicheka. Mumewe hajawahi kufumua kitu maishani mwake. Kwake yeye inayokosea ni mbao. Au umeme. Au mvua ya juzi iliyoingiza unyevu. Ikibidi sana, aliyekosea ni mke, kwa kukanyaga cherehani kwa nguvu wakati patasi iko kazini.

Na kusema kweli, kazi ile makosa yake hayaishi. Unachukua kipande cha mbao, unakitoboa katikati kwa keekee, unapachika ndani kibomba chembamba cha njano, unakigandisha kwa gundi, kisha unakifunga kwenye kerezo kizunguke huku unakimega kwa patasi mpaka mbao ibaki nyembamba kama ganda la yai. Keekee ikienda upande, umekwisha. Gundi ikikauka kibomba kikiwa nusu njia, umekwisha. Patasi ikidaka vibaya, kipande kinaruka, na mtu mzima na mvi zako unatambaa chini ya meza ukikitafuta kwenye maranda.

Hapo ndipo Sikosei alipo bingwa, na haki yake nampa. Kuharibu anaharibu kama sisi sote, lakini kufufua! Kilichoruka anakirudisha kwa tone la gundi, na ufa huuoni hata ukivaa miwani miwili. Palipobonyea anajaza vumbi la mbao ileile, anadondoshea supaglu, anapiga msasa, kwisha maneno. Pasipozibika kimya kimya anajaza unga wa kahawa, na hapo ndipo uongo unapoanza, maana kila kalamu yake inawekwa kwenye kijisanduku pamoja na kadi ndogo nyeupe yenye jina la kalamu na sifa zake. Ile aliyoitoboa ubavuni ikaitwa Dirisha la Mapenzi. Ile iliyopasuka juu mpaka chini akaijaza kahawa, ikaitwa Njia ya Msafiri. Na ile aliyoinyoa mpaka kibomba cha njano kikachungulia, siku alipokuwa akisikiliza mpira redioni, iliitwa Mapambazuko, na bwana aliyeinunua alisimama nayo mlangoni akishusha pumzi.

"Mapambazuko!" mke alisema nyuma ya pazia yule bwana alipotoka. "Basi na mimi nikiunguza suruali ya mtu kwa pasi niiite Machweo?"

"Wewe sanaa huijui."

"Sanaa siijui. Kuunguza nakujua."

Waliishi hivyo, na waliishi vizuri, mpaka Jumatatu moja asubuhi alipoingia Mama Randa.

Mama Randa ni mjane wa Mzee Randa, seremala mkuu wa mji katika siku zake, aliyemfundisha Sikosei kazi. Mzee alifariki miaka miwili iliyopita. Bibi yule aliketi kwenye kiti cha wateja, akatoa mkobani kitambaa kilichokunjwa mara nne, akakikunjua taratibu. Ndani mlikuwa na mpini wa patasi. Patasi yenyewe ilishalika yote kwa kunolewa, umebaki mpini, mpingo mweusi uliong'arishwa na kiganja cha mtu mmoja, na upande mmoja una kibonyeo pale dole gumba lilipokuwa likikaa.

"Binti yangu anaapishwa Jumatatu ijayo," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hakimu, mwanangu! Mtoto wa seremala! Nataka hukumu zake atie saini kwa mkono wa baba yake. Mkono haupo tena, upo huu. Nikerezee kalamu."

Sikosei alikohoa. Aliupokea mpini kwa vidole viwili, akaugeuza mara moja tu, akauweka mezani.

"Mama, hii ni kumbukumbu. Si afadhali ukae kabatini? Nina mpingo mwingine hapa, mzuri, mpya kabisa..."

"Huo mpya aliwahi kuushika mume wangu?"

"Hapana, mama, lakini tazama. Upande huu umeliwa ndani na ulimi wa patasi uliokuwa umechomekwa. Hapa inatoka kalamu moja tu, ya akiba hakuna. Ikiharibika ndiyo basi."

"Moja ndiyo ninayoitaka. Na itaharibikaje? Wewe si Sikosei? Jina lenyewe si alikupa marehemu?" Akainuka. "Jumamosi asubuhi nitakuja kuichukua."

Ni kweli, jina alipewa na marehemu. Mzee Randa alikuwa akimwonyesha kwa wateja, "Huyu kijana wangu hakosei," na wenzake wakaligeuza kuwa Sikosei kwa kumtania. Yeye akalichukua lote, utani akaurudisha.

Jumatatu ile mpini haukuguswa. Jumanne Sikosei alitengeneza bawaba ya mlango wa uani, iliyokuwa ikilia miaka minne. Jumatano alipanga misasa kwa namba, kisha akaipanga tena kwa rangi.

"Una nini na huo mpini?" mke aliuliza. "Unauzunguka kama una meno."

"Kazi ya heshima haiharakishwi."

Saa nne, kama kawaida, akaingia shemeji yake, kaka mkubwa wa mke, anayeitwa Mrefu kwa sababu anainama kila mlango. Mrefu ni mchonga funguo. Ana meza yake pale pembeni mwa barabara, mbele ya duka la viatu, na kila siku saa nne anakuja kwa dada yake kunywa chai. Siku hiyo alivuta pazia kumsalimu shemeji, macho yakaangukia mezani.

"Lo! Huu si mpini wa patasi ya Mzee?" Akauchukua, akalipitisha dole gumba kwenye kibonyeo. "Ndiyo wenyewe! Dada, njoo uone kitu kilichonifukuzisha kazi!"

Akacheka kabisa, kicheko cha mtu aliyekwisha kulia zamani. Yeye na Sikosei walijifunza useremala pamoja kwa Mzee Randa, wakiwa vijana wa miaka ishirini na moja. Asubuhi moja patasi kubwa ya Mzee ilikutwa imemeguka ncha na ina rangi ya bluu. Mrefu ndiye aliyekuwa akipaka milango rangi ya bluu wiki ile. Aliapa si yeye, akaapa tena, Mzee akamnyooshea mlango. Mwaka mzima alibeba mifuko ya saruji kabla ya kupata pa kujifunza funguo.

"Wewe na mikono yako ya kuazima," dada yake alisema, akimmiminia chai. Alikuwa akimtania hivyo tangu wakati huo. "Kila unachoshika lazima kimeguke."

"Sikuishika, dada."

"Haya, hukuishika. Ilijimegua."

Nyuma ya pazia kerezo likaanza kuunguruma kwa nguvu. Halikuwa na mbao ndani yake.

Alhamisi mke alikwenda sokoni kutafuta nyuzi na zipu, na Sikosei akaona hakuna bawaba nyingine ya kutengeneza. Akavaa miwani. Akaukata mpini, akaufunga kwenye jiliwa, akautoboa. Keekee ilishuka imenyooka. Kibomba kikaingia, gundi ikashika vizuri. Akakifunga kipande kwenye kerezo, akaisogeza patasi polepole, na mpingo ukaanza kutoa nyuzi nyeusi ndefu zilizomwangukia mikononi. Kwa robo saa nzima alianza kuamini kwamba mambo yamepita.

Tak!

Kipande kilimpita sikioni kikagonga dirisha. Akazima mashine. Kerezo lilipotulia akaona pale palipobanduka mstari wa gundi kuukuu, na kando yake, ndani ya weusi wa mpingo, vinukta viwili vya shaba, vidogo, vyenye pembe nne, vinamwangalia.

Sasa tuseme wazi, maana yeye hajasema kwa miaka thelathini na tano. Aliyemegua ile patasi ni Sikosei. Alitaka kuchungulia rangi ya bluu ndani ya kopo, basi, kuchungulia tu, bisibisi ilikuwa mbali na patasi ya Mzee ilikuwa karibu. Akaifanya mtaimbo. Kifuniko kilipogoma akagongelea mpini kwa nyundo. Ncha ikameguka, mpini ukapasuka, na Mzee amekwenda kupima nyumba ya mtu. Kijana wa watu akafanya kazi ambayo mpaka leo hajawahi kufanya nzuri kama hiyo. Akaubana ufa kwa gundi, akautoboa kwa ncha ya msumari, akapitisha pini mbili za waya wa shaba, akazikata, akazizamisha, akaziba juu kwa vumbi la mpingo na kupiga msasa. Mpini ukawa mzima. Ncha ya chuma hakuweza kuifufua, chuma hakina vumbi la kuzibia. Mzee alipouliza ni nani, Mrefu akajitetea peke yake, na Sikosei akatazama juu akahesabu mabati ya paa. Yalikuwa kumi na manne. Miaka sita baadaye akamwoa dada yake.

Mzee Randa aliinoa patasi ile akaitumia miaka yote iliyobaki. Kila siku alilishikilia kosa la kijana wake kiganjani, na kila siku akiwaambia watu kijana wangu hakosei. Ukitaka kucheka cheka, mimi nilicheka. Lakini Sikosei hakucheka. Alikaa chini sakafuni kwenye maranda, na aibu ikampanda mpaka masikioni, aibu nzito ya kijana wa miaka ishirini na moja ndani ya mtu wa hamsini na sita.

Kisha akafanya nini? Akakitafuta kipande. Mazoea hayo. Alikikuta chini ya dirisha, akakirudisha kwa tone la supaglu, kikakaa. Akachukua sindano ya mkewe akajaribu kuzichokoa zile pini azitoe, aweke vumbi juu, mambo yaishe. Pini zikagoma. Alizipigilia vizuri mno siku ile. Kila alipochokoa, mpingo ulilia kama unataka kufunguka wote. Fundi hodari alikuwa anashindana na fundi hodari, na wote wawili walikuwa yeye. Mwisho akaziacha, akapiga msasa, akapaka gundi ya kung'arisha tabaka kwa tabaka, akaunganisha ncha na kifuniko. Ikatoka kalamu ambayo, kwa haki, ni nzuri kuliko zote alizowahi kuzitengeneza. Nyeusi, nyembamba, na karibu na pale kidole kinaposhika, macho mawili madogo ya shaba.

Ijumaa alitoka mapema. Alikusudia kwenda kusema. Alitembea mpaka kwenye meza ya shemeji yake, akasimama, akasema, "Nichongee ufunguo wa mlango wa uani."

"Wa uani si unao?"

"Wa akiba."

Mrefu akafunga ufunguo kwenye mashine yake, akauchonga, akauinua juu akaulinganisha na wa kwanza. "Nimekosea," alisema, akautupa kwenye kopo lenye funguo nyingine kama ule, akachukua mpya. "Funguo hazina gundi, shemeji. Jino moja likizidi unywele mlango haufunguki. Unatupa, unaanza upya." Akauchonga wa pili, ukakubali. "Mbona umekunja uso? Unaumwa?"

"Hapana. Ahsante."

Akarudi nyumbani na ufunguo mfukoni na maneno yake yote tumboni. Akakaa, akachukua kadi nyeupe na kalamu yake ya risasi, akaandika kwa mwandiko wake wa madaha: *Macho ya Paka. Mpingo wa kumbukumbu, umepambwa kwa shaba halisi iliyotiwa kwa ustadi na mkono wa fundi.* Aliisoma mara mbili. Hakuna neno la uongo, alijiambia. Shaba ni halisi. Mkono ni wa fundi. Hakuandika tu iliingia mwaka gani.

Jumamosi Mama Randa aliwahi. Mrefu naye alikuwa ameshafika, maana siku ile alichelewa kuifungua meza yake, akaamua aanze na chai. Mke alikuwa kwenye cherehani akipinda pindo la gauni. Sikosei akavuta pazia lote, kama anafungua jukwaa, akakiweka kisanduku mbele ya mjane na kuisoma kadi kwa sauti.

Mama Randa aliitoa kalamu, akaishika kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka bila kujificha. "Baba yake ndiye huyu," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu. Na haya macho! Haya macho yamenimaliza. Ulijuaje kama mzee alikuwa akiniita paka?"

Sikosei, badala ya kunyamaza, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Fundi anahisi tu, mama."

Cherehani ilisita kidogo. Mke anamjua mumewe.

"Na wewe uione," mjane akamwambia Mrefu, akimpa. "Ulikuwa mtoto wa karakana ile, hata kama mlikosana na mzee."

Mrefu alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Mchonga funguo ana macho ya kuona unywele. Aliigeuza, akapitisha ukucha juu ya nukta moja, kisha nyingine. Akapitisha tena.

"Shemeji, shaba hii umeitia lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi hii?"

"Alhamisi hii, ndiyo. Kwani vipi?"

"Ina pembe nne," Mrefu alisema polepole. "Waya huwa wa duara. Mimi nilikuwa nao wa pembe nne. Niliufumua kwenye transfoma iliyoungua, nikaufanya antena ya redio yangu pale karakana. Wiki ile ile niliyofukuzwa nikakuta umekatwa, kipande kama hiki." Akaonyesha nusu ya kidole. "Nikasema labda panya."

Cherehani ikanyamaza.

"Panya hali shaba, kaka," alisema mke.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo baya. Kelele Sikosei angezijibu. Alimtazama mkewe, akamtazama mjane, akafungua mdomo. "Mbao ile tangu mwanzo ilikuwa na kasoro. Unajua mpingo, ukikauka..." Akaona wote watatu wanamngoja amalize. Mrefu alikuwa ameishika kalamu kwa uangalifu, kama kitu cha mtu.

"Niliifungulia kopo la rangi," alisema. "Patasi niliimegua mimi. Mpini nikaupasua mimi, nikauziba. Mrefu hakuigusa."

Mrefu aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango, miguu yake mirefu ikafika nje barabarani, akawapa mgongo.

Mke ndiye aliyeinuka. "Miaka thelathini na tano namwambia kaka yangu ana mikono ya kuazima," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, na mumewe hajawahi kuiogopa sauti yake kubwa kama alivyoiogopa hiyo. "Mbele ya watu. Mbele ya watoto wake! Na wewe uko hapo nyuma ya pazia, unanisikia, unakereza. Ungenikoholea basi! Siku moja tu, ungekohoa!"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa Mzee. Mzee amekufa. Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo," alisema Sikosei, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mama Randa alikuwa amekaa akikunja kile kitambaa chake, mara nne, akikikunjua, akikikunja tena. Alinyoosha mkono, Mrefu akampa kalamu bila kugeuka. Sikosei akafikiri ataitupa. Akaanza kusema, "Mama, nitakutengenezea nyingine, nina mpingo..."

"Kalamu haina kosa lolote," bibi alimkata. "Kilicho kichafu ni kadi. Binti yangu anakwenda kuhukumu watu kwa kalamu hii. Kesho kutwa ataletewa mtu anayeapa si mimi, na kila mtu anasema ni yeye kwa sababu rangi ilikuwa yake. Nataka akifungua kisanduku asome kadi ya kweli. Nyingine leta, uandike."

Sikosei akachukua kadi nyeupe, akapapasa meza kutafuta kalamu yake ya risasi.

"Kwa hii," mjane alisema, akamwekea kalamu ya mpingo kiganjani.

Akainama mezani. Wino ulitoka laini, bila kukwama hata mara moja, aibu haukuwa nayo. Aliandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti alipoamriwa: "Mpini huu ulipasuka wakati wa..."

"Ulipasuka wenyewe?" aliuliza mke.

Akaukata mstari ule. Akaandika: Mpini huu niliupasua mimi, nikifungua kopo la rangi, kwa sababu bisibisi ilikuwa mbali.

"Endelea," alisema Mama Randa. "Andika aliyefukuzwa ni nani. Andika alisema si yeye mara ngapi."

"Mara mbili," alisema Sikosei.

"Mara tatu," alisema Mrefu kutoka mlangoni.

Akaandika mara tatu.

"Na mume wangu naye umwandike," bibi alisema. "Nilimpenda, lakini umwandike. Alitazama rangi, mtu hakumtazama. Binti yake na alijue hilo, kuliko kuambiwa na mimi baba yako alikuwa malaika."

Akamwandika. Jasho lilimdondoka likaangukia neno moja, akalikausha kwa kiganja, likachafuka kidogo. Kwa mazoea mkono wake ulinyooka kuchukua msasa, ukarudi.

Mrefu aliinuka, akainama kupita mlangoni, akaja kusimama nyuma ya shemeji yake na kusoma kadi ile taratibu, mstari kwa mstari, kama anavyolinganisha funguo. Alipofika mwisho akaigonga kwa kidole.

"Umesahau waya," alisema. "Waya ulikuwa wangu."

Sikosei alitafuta mahali pa kuandika. Kadi ilikuwa imejaa mpaka pembeni. Mke wake akavuta bunda la kadi nyeupe kutoka kwenye droo, akahesabu tatu, akamsogezea.